Mlango wa Kioo, Ndoo ya Bibi

Siku hizi ukijenga Bariadi, iwe Somanda au kwenye viwanja vipya vya pembezoni, ikifika zamu ya bafu fundi wa aluminiamu atauliza: "Bosi, hapa tunaweka mlango gani?" Jibu la wengi wetu tuliosoma na kupata ajira Mwanza au Dar es Salaam linajulikana kabla hatujafungua mdomo. Kioo. Cha kuslaidi. Kipana. Tumekiona kwenye simu, na hotelini tulikolipiwa semina. Mimi nasema nyumba tunazowajengea wazazi hazikihitaji, na kukiweka humo ni kuwafungia nje kwa heshima.

Tuanze na hilo neno "kipana". Mlango wa kuslaidi wa sentimita 150 una vioo viwili, na kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Ukiufungua wote, unapata uwazi usiofika nusu ya ulicholipia: sentimita 65, pengine 70. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu majengo ya kufikiwa na watu wenye ulemavu zinataka mlango uache uwazi wa sentimita 81 na ushei. Sisi nasi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka huohuo, lakini hakuna mkaguzi atakayekuja na futi kupima bafu la mama yako. Mkaguzi ni wewe.

Sasa mweke pale bibi mwenye magoti mabovu. Haogi peke yake. Mjukuu anamshika mkono. Mjukuu huyohuyo amebeba ndoo. Wawili hawapiti ubavu kwa ubavu kwenye sentimita 65. Chini kuna reli ya aluminiamu iliyoinuka, na mguu wa mzee unaoburuzwa utaikuta tu. Akiyumba, mkono wake utatafuta cha kushika na kukutana na kioo kinachoteleza kwenye vigurudumu. Mwishowe bibi anaogea kule nyuma ya nyumba, kwenye bafu la zamani la mabati, na bafu la kioo linabaki la wageni.

Halafu kuna maji. Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, ni nchi ya pamba na mifugo, na ukame si mgeni kwake. Mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, kwa sababu hiyohiyo ya ukame. Bomba la mvua la kawaida linamwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika. Dakika kumi ni ndoo nne au tano za lita 20, na kwa kuoga na kata ndoo moja inamtosha mtu mzima. Nyumba inayotegemea kisima na simtanki itaogea ndoo, hata bomba likiwa la dhahabu. Mlango wa kioo haukubuniwa kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda na beseni mbele yake.

Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo huacha madoa meupe kwenye kioo, na madoa hayo yasipofutwa kila siku yanaganda. Nani anayafuta? Si aliyetuma pesa kutoka Dar. Ni dada wa nyumbani, au mdogo wako wa kike, yuleyule aliyekwenda kuchota maji. Umemnunulia mama fahari, na binti mwingine umemnunulia kazi.

Najua utetezi upo. Kioo kinazuia maji yasiruke hadi chooni. Mlango wa kuslaidi haulii nafasi kama wa kufunguka kwa bawaba. Pazia la plastiki linaota ukungu. Yote ni kweli, na kwa vijana wawili katika nyumba ndogo yenye maji ya bomba, sina ugomvi. Wachague tu mlango unaoning'inia kwenye reli ya juu, wapime uwazi na si kioo, na wahakikishe ni kioo cha tempa, kile ambacho kikivunjika kinakuwa punje badala ya mapanga. Wakumbuke pia kwamba kioo hicho hakikatwi tena kikishatoka kiwandani; fundi akikosea kipimo, mnanunua kingine. Na kipande cha milimita 8, chenye sentimita 75 kwa 190, kina uzito wa kilo 28 hivi, zote zikibebwa na vigurudumu vidogo.

Kwa wazazi, maji yazuiwe na sakafu. Mwambie fundi aipe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, bila kizingiti. Weka marumaru za kukwaruza, zile zisizoteleza. Funga vishikio vya chuma ukutani, kimoja usawa wa mtu aliyekaa na kingine wa aliyesimama. Acha uwazi wa mita nzima, tundika pazia la kufulika, na likiota ukungu lifuliwe. Haitapendeza kwenye picha. Bibi ataoga ndani.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumezoea kuisema methali hii tukiwaonya wanaopumbazwa na mapambo ya nje. Ila nayo ina sharti lake: kwamba mlango ukishafunguliwa, mwenye nyumba anaweza kuingia.