Elimu ya Ng'ambo Ifike Mwaloni

Kila usiku wa giza, taa za wavuvi hutapakaa juu ya Ziwa Tanganyika, na kunapokucha dagaa huanikwa Kibirizi, Katonga na katika mialo mingine ya Kigoma. Kazi hiyo ndiyo inayolisha na kusomesha watoto wengi wa Kigoma na Ujiji. Kwa hiyo, mafunzo ya watumishi wetu wa uvuvi si jambo la ofisini peke yake. Ni jambo linalogusa chungu cha mwananchi.

Tangu mwaka 1998, nchi ya Iceland imekuwa ikipokea wataalamu wa uvuvi kutoka nchi zinazoendelea kwa mafunzo ya miezi 6, na Watanzania wamekuwa miongoni mwao. Mpango huo ulianza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na mwaka 2020 ukawa chini ya UNESCO. Mtumishi aliyezoea jua la Kigoma hujikuta katika eneo la Reykjavik, ambako mwezi Desemba jua huonekana kwa saa 4 hivi tu kwa siku. Kuvumilia baridi, giza na upweke kwa ajili ya kazi ya umma ni jambo la kusifiwa.

Hata hivyo, sifa hiyo haitoshi. Lazima tuulize: elimu hiyo inaishia wapi?

Wenzetu wa Iceland huvua baharini kwa meli kubwa. Sisi huvua dagaa na migebuka, tena wengi wetu kwa mitumbwi, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 tunalolimiliki pamoja na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Anayerejea na ndoto ya meli amerejea mikono mitupu. Lililo muhimu kujifunza kule ni nidhamu ya kuhesabu. Nchi ile ilipoona samaki wake wanapungua, mwaka 1984 iliwawekea wavuvi viwango, na viwango hivyo havina maana pasipo takwimu za samaki wanaoshushwa bandarini.

Somo hilo linatuhusu sana. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka. Nia ya kulipumzisha ziwa ni njema, na tunaiunga mkono. Lakini mvuvi anayeambiwa aanike nyavu zake kwa miezi 3 anatolewa kafara chakula cha nyumbani kwake. Ana haki ya kuuliza samaki walikuwa kiasi gani kabla, na wamekuwa kiasi gani baada ya hapo. Swali hilo halijibiwi kwa hotuba.

Tena, si nyavu peke yake zinazolidhuru ziwa. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Pasipo takwimu za kila mwalo, tutashindwa kutenganisha kosa la mvuvi na athari ya joto, na mnyonge atabebeshwa lawama isiyo yake.

Kwa sababu hiyo, wanaoteua watumishi wa kwenda masomoni wawaangalie kwanza wale ambao kazi yao iko ufukweni. Wakuu wa idara wasimfungie mtaalamu aliyerejea katika ofisi ya mjini kupitisha majalada. Wampe mizani, boti na mafuta, wampeleke mwaloni. Naye mtaalamu awaeleze wavuvi, kwa Kiswahili chepesi, yale aliyoyaandika kwa Kiingereza. Walimu wa Kigoma na Ujiji nao wana sehemu yao, kwani mtaalamu wa kesho anaanza na hesabu za darasani leo. Mtoto apewe fungu la dagaa alipime, akadirie, aandike.

Cheti hupamba ukuta wa ofisi. Mwananchi anachosubiri ni ziwa lenye samaki, na jibu la kweli anapouliza kwa nini wamepungua.