Refa wa Siku ya Jumapili



Wengi wetu tumepitia asubuhi ile ya kumsindikiza mtoto anayekwenda shule ya bweni. Sanduku la bati limefungwa kufuli, godoro limekunjwa, ndoo imeandikwa jina. Basi likiondoka tunapunga mkono huku tunatabasamu, kisha tunarudi nyumbani na swali ambalo hatumwambii mtu: huko aendako, nani atajua kwamba leo hakula vizuri, au kwamba amelia usiku?

Mara nyingi anayejua ni mwalimu mmoja tu. Nasi tukikumbuka shule zetu wenyewe, kanuni za hesabu zimekwisha kutoka kichwani, lakini tunamkumbuka yule mwalimu aliyebaki uwanjani jioni na filimbi shingoni wakati wenzake wamekwenda kupumzika. Mwezi huu tunapenda kumkumbuka mwalimu wa namna hiyo. Jina lake ni Eric Liddell, na watoto aliowalea walimwita Anko Eric.

Baadhi yenu mnamfahamu kwa ile filamu ya mwaka 1981, Chariots of Fire, inayomwonyesha akikataa kukimbia siku ya Bwana. Ni filamu nzuri, lakini kwa maoni yetu inakwisha mahali ambapo habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Eric alizaliwa Tientsin, China, mwaka 1902, mtoto wa wamisionari kutoka Scotland. Alipokuwa na umri wa miaka sita tu, yeye na kaka yake Robert, aliyekuwa na minane, waliachwa Uingereza katika shule ya watoto wa wamisionari, na wazazi wakarudi kazini China. Ndiyo yalikuwa maisha ya watoto wa namna hiyo nyakati zile. Basi mjue, akina mama, kwamba mtu huyu alilijua bweni kabla hajalijua lolote jingine.

Alikua akawa mwanariadha hodari. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alitegemewa katika mbio za meta 100, lakini mbio za mchujo zilipangwa Jumapili, naye akakataa kukimbia. Wapo waliomlaumu kwamba anaiangusha nchi yake. Yeye akajiandikisha meta 400, mbio ambazo hazikuwa zake hasa, akashinda medali ya dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia wakati ule. Mwaka uliofuata, jina lake likiwa bado linaimbwa mitaani, alifunga mizigo akarudi China kuwa mwalimu wa sayansi na michezo katika shule ya wavulana ya wamisionari pale Tientsin.

Huko mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie, muuguzi kutoka Canada, naye pia mtoto wa wamisionari. Wakajaliwa mabinti wawili, Patricia na Heather. Mwaka 1941 vita ilikuwa imeiva na Wajapani walikuwa wameshika sehemu kubwa ya China. Mume na mke wakakubaliana: Florence, aliyekuwa na mimba ya tatu, awachukue watoto aende kwao Canada, naye Eric abaki na kazi mpaka hali itakapoeleweka. Binti wa tatu, Maureen, alizaliwa Canada mwaka huo huo. Baba yake hakupata kumbeba hata siku moja.

Mwezi wa Machi 1943 Wajapani waliwakusanya wageni wa mataifa ya adui zao wakawafungia katika kambi ya Weihsien, mkoa wa Shandong, mahali palipokuwa zamani kituo cha wamisionari. Watu wapatao 1,500 walibanana ndani ya ukuta mmoja, pamoja na walinzi na waya wa miba. Chakula kilikuwa haba. Uji wa mtama ulikuwa wa kawaida, na madaktari waliwashauri walezi wasage maganda ya mayai wawalishe watoto kwa kijiko, ili mifupa isilegee.

Miezi michache baadaye ikaletwa shule nzima, wanafunzi na walimu wao: Shule ya Chefoo, ya watoto wa wamisionari. Wazazi wa wengi wao walikuwa wamebaki sehemu nyingine za China zisizofikika, na wapo watoto waliokaa zaidi ya miaka mitano bila kumwona mama wala baba. Hao ndio waliompata Anko Eric.

Kwa kuwa maabara haikuwepo, aliandika masomo ya kemia kwa mkono na kuchora vyombo vyake, ili wanafunzi wasome kana kwamba vyombo vipo mezani. Alifundisha hesabu, alibeba maji, aliwasaidia wazee. Jioni alipanga michezo. Magongo ya hoki yalipovunjika aliyafunga kwa vipande vya shuka na gundi. Usiku, vijana wakubwa walipoanza kuzurura gizani na kufanya yale ambayo kila mama anayaogopa, alishirikiana na wenzake kuwatengenezea mahali pa kukutana na kuburudika. Mfungwa mwenzake, Langdon Gilkey, katika kitabu alichotoa mwaka 1966, alimkumbuka jinsi alivyokuwa akiinama juu ya ubao wa sataranji pamoja na vijana, amechoka lakini amezama kabisa katika mchezo wao.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tumwandike.

Kambini Anko Eric alikuwa na msimamo ule ule wa Paris: Jumapili hakuna michezo. Vijana walinung'unika. Siku sita kulikuwa na kazi na masomo, na ile ya saba, ambayo hakuna la kufanya, ndiyo waliyokatazwa mpira. Basi Jumapili moja wakaamua kucheza hoki wenyewe, wavulana kwa wasichana, bila refa. Mwisho wake mnaweza kuukisia ninyi mliolea. Mchezo uligeuka ugomvi, magongo yakawa silaha.

Jumapili iliyofuata Anko Eric alitoka akaenda uwanjani akawachezeshea.

Tumelitafakari jambo hili mara nyingi. Yule aliyekataa kukimbia Jumapili mbele ya dunia nzima, alikubali kuwa refa Jumapili katika uwanja wa vumbi, mbele ya watoto wenye kaptula zilizotiwa viraka. Katika makanisa yetu hawakosekani watakaosema alilegea. Sisi hatuoni hivyo. Kule Paris, aliyekuwa anapoteza kitu kwa kuishika Jumapili alikuwa yeye mwenyewe, nayo ni haki ya mtu kutoa kilicho chake. Kambini, gharama ya msimamo wake ingelipwa na watoto ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwatazama. Na hatujasoma popote kwamba aliwalazimisha wengine waifuate hesabu hiyo. Alitoka tu, akaamua mchezo.

Lakini tusimfanye malaika. Sisi tulio wake na mama hatuwezi kuisoma habari hii bila kumfikiria Florence, peke yake Canada na mabinti watatu. Wakati baba anawafungia watoto wa watu magongo yao, binti yake mdogo alikuwa anajifunza kutembea bila yeye. Je, wakati mwingine tusingekasirika? Tunaamini tungekasirika. Wamo katika wasomaji wetu wake wa wachungaji, wa walimu na wa waganga ambao waume zao ni baba wa kila mtu isipokuwa wa nyumba yao, na hatutaki kuwaambia kwamba maumivu hayo si kitu. Kwa Eric na Florence ilikuwa vita iliyowatenganisha. Kwa wengine ni ratiba tu ya kazi, na ratiba inaweza kuzungumzwa mezani.

Kijana mmoja wa kambini, Stephen Metcalf, alikuwa na umri wa miaka 17. Anko Eric alikuwa amewafundisha vijana ile sehemu ya Mathayo sura ya tano inayohusu kuwaombea adui, akawataka waanze na Wajapani waliokuwa wakiwalinda kwa bunduki. Jambo hilo lilimshinda Stephen, kisha akaanza kulijaribu. Katika baridi ya mwanzo wa mwaka 1945 viatu vyake vilikuwa vimekwisha. Siku moja Anko Eric akamletea raba zake mwenyewe za kukimbilia, kuukuu, zimeshonwa na kufungwa kwa nyuzi. Hakutoa hotuba.

Wakati huo kichwa kilikuwa kinamuuma vibaya, na yeye aliyekuwa mchangamfu alianza kuzubaa na kusahau. Madaktari wa kambi, wasio na vifaa, walidhani ni uchovu wa kazi nyingi. Tarehe 21 Februari 1945 alimwandikia Florence barua fupi. Alimwambia kwamba amebeba majukumu mengi kupita kiasi, kwamba sasa ana nafuu, na kwamba daktari anamshauri aache kufundisha na michezo, ahamie kazi ya mikono, kama kuoka mikate. Jioni ya siku hiyo hiyo akafariki. Baada ya kifo ndipo walipogundua uvimbe ndani ya ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Watoto wa shule walisimama kwa heshima wakati wa mazishi, na Stephen Metcalf alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza. Kambi ilikombolewa tarehe 17 Agosti, miezi sita baadaye. Mwaka 1952 Stephen alikwenda Japani kuwa mmisionari, akakaa huko zaidi ya miaka 30.

Florence alipata habari mwezi wa Mei, wakati Ulaya inasherehekea mwisho wa vita. Patricia alikuwa hajatimiza miaka kumi, Heather alikuwa na minane, na Maureen hajafika minne. Ikabidi mama awaketishe awaambie kwamba baba hatarudi, huku barua ile ya kuoka mikate ikisema kwamba ana nafuu.