Nguvu ya Injini Haitoki Katika Pampu Peke Yake

Ndugu askari na polisi, gari linapolemewa na mwinuko wa Kimironko, dereva huwa mwepesi kuilaumu pampu ya mafuta, akataka afungiwe iliyo kubwa zaidi. Twasema bila kusita kwamba huko ni kutafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza sawasawa kilo 1 ya mafuta. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua uzito kwa kadiri ya sehemu moja katika saba ikilinganishwa na ya pwani. Kinachopungua hapa kwanza ni hewa, wala si mafuta. Kuilazimisha injini kunywa petroli zaidi ni kuzalisha moshi mweusi, kuchafua plagi na kuosha oili silindani.

Pampu kubwa ina haki yake pale tu injini ilipoongezewa hewa kwa tabo, na sindano za mafuta zikalingana nayo. Kinyume cha hayo, mpira uliochakaa waweza kupasuka kwa shinikizo, na gari likateketea pamoja na waliomo.

Askari hukagua silaha yake kabla ya zamu. Basi na alikague gari lake: machujio yasafishwe au yabadilishwe, plagi zitazamwe, shinikizo lipimwe. Mafuta ya Rwanda huagizwa kutoka ng'ambo. Kuyageuza moshi si ushujaa.