Kuruta Apimwe na Wananchi

Mwalimu mwanafunzi hapewi cheti kabla hajasimama mbele ya watoto halisi, katika shule halisi, huku mkufunzi wake ameketi nyuma ya darasa akiandika. Hakuna anayeshangaa. Lakini kuruta wa polisi hupimwa gwaride, sheria na shabaha huko Shule ya Polisi Moshi, tena na wakufunzi wake wenyewe, kisha hupangiwa kituo. Na watu atakaowalinda ndio wa mwisho kuulizwa habari zake, kama wataulizwa. Twasema mpango huo una upungufu, na upungufu wenyewe ni wa utamaduni.

Tuitazame Kakese, kata ya wakulima wa mpunga karibu na mji wa Mpanda. Katika nchi ile jembe na ng'ombe ni majirani, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao wanaishi pamoja na wenyeji. Ng'ombe wakiingia shambani, si kosa la kuandikwa kitabuni tu: ni chakula cha mwaka, na ni ujirani unaovunjika. Askari aliyefundishwa kukamata atamkamata mmoja, na uhasama utabaki palepale. Aliyekaa humo msimu mzima, akazika nao, akavuna nao, atajua ni mzee gani wa kuitwa kwanza.

Wako wasemao ati raia hajui sheria, basi atampimaje askari? Hiyo ni kasumba. Jeshi la polisi ambalo Waingereza waliliunda Tanganyika mwaka 1919 lilimjibu mtawala, wala halikukusudiwa kumjibu mtawaliwa. Na fikra hiyo imeishi kuliko waliotuletea. Raia hapimi vifungu. Hupima kama kijana alisikiliza pande zote mbili, kama alimheshimu mama mjane, kama alinyoosha mkono kutaka chai. Uwanja wa gwaride hauonyeshi hayo.

Nasi tuna ya kukumbuka. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa wa mauaji waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola hata wengine wakafa. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili hiyo. Haikupita miaka mingi, na katika nchi ileile wanavijiji waliinua Sungusungu, walinzi waliochaguliwa na watu waliowafahamu tangu utoto. Sheria ya mwaka 1989 iliwatambua. Hatuwasifu kwa kufumba macho, maana wako walioonewa na kuchapwa kwa jina lao. Hatutaki umati ukae kwenye kiti cha sheria. Twataka sheria ikae mahali umati unapoiona.

Polisi Jamii, iliyoanza katika miaka ya 2000, ni hatua njema, ila humfikia mwananchi askari akiwa ameshavaa sare. Sisi twasema kabla ya sare. Wala si jambo geni: baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana hakuingia Chuo Kikuu kabla hajafanya kazi na kupata maoni ya mwajiri na ya chama. Kasoro yake ilikuwa kwamba wenye kauli walikuwa wakubwa wake. (Mkubwa hujipendekezewa; jirani haoni haja.)

Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilitoa ripoti yake mwaka 2023, na mjadala wa mageuzi ya polisi ni wa kila raia. Rai yetu ni hii: kuruta akae miezi mitatu katika kata kama Kakese chini ya askari mzoefu. Wapimaji wachaguliwe mkutanoni kwa kura ya siri, nusu wanawake, wakulima na wafugaji wote wamo, ili tajiri mmoja asiwe ndiye kijiji. Maksi zao ziwe sawa na za shabaha. Atakayekataliwa aelezwe sababu kwa maandishi, apewe nafasi ya pili katika kata nyingine. Akikataliwa na huko, asivae sare.