Fungeni Mlango wa Eksirei Kwanza

Leo sina stori ya matatu wala ya mapenzi. Leo nina stori ya mlango.

Mwaka jana susu wangu aliteleza akichota maji kwenye mchanga wa mto, kule kwetu Kitui. Mkono ukafura vibaya. Nikamweka kwa boda hadi kliniki moja ya kibinafsi sokoni, jina sitaji. Chumba cha eksirei hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia. Hatua mbili kutoka hapo kuna benchi ya kungojea, na kwa hiyo benchi ameketi dada mjamzito, ametulia na simu yake.

Mhudumu akaniambia, "Mshikilie susu asitingishike." Nikamshika. Aproni hakunipa. Yeye akaenda nyuma ya ukuta, akabonyeza. Picha ikatoka mbaya, akarudia. Na tukalipia zote mbili.

Nilikaa na swali moja njia yote: kama hii kitu haina neno, mbona yeye alijificha?

Wiki iliyofuata tukampeleka kwa shangazi Wote, mkono ukapigwa picha tena katika hospitali ya umma. Huko mlango ulikuwa mzito na taa nyekundu juu yake. Mama mmoja mbele yetu aliulizwa kama ana mimba kabla ya kuingia. Mimi niliambiwa nisubiri nje. Picha moja tu, ikatoka safi.

Najua mtasema: aliacha chuo mwaka wa pili, sasa anatufundisha fizikia. Sawa. Lakini hii si ngumu. Kujikinga na mionzi kuna mambo matatu: muda mfupi, umbali, na kizuizi kama ukuta mnene au aproni ya risasi (ile madini, si ya bunduki). Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inashuka hadi robo. Yaani kusogeza tu ile benchi kungesaidia, na kusogeza benchi ni bure.

Na tusitishane. Eksirei moja ya kifua ni kama 0.1 milisiveti, na kila mwaka binadamu wa kawaida anapata takriban 2.4 kutoka kwa ardhi, hewa, anga na chakula. CT ya tumbo ndiyo inaweza kufika 10 hivi. Kwa hivyo daktari akisema upigwe picha, na kuna sababu, pigwa. Shida iko kwa picha isiyo na sababu, picha inayorudiwa kwa uzembe, na mtu wa benchi ambaye hata hakuwa mgonjwa.

Sasa hii inaingiaje kwa maendeleo? Angalia. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodisha mashine za hospitali, za eksirei zikiwemo, hospitali mbili kila kaunti, na kaunti zikawa zinakatwa mamilioni kila mwaka kuzilipia. Kuna mashine zilizokaa bila kazi, mahali pengine kwa sababu hakukuwa na wataalamu wa kuzitumia. Viongozi walipiga picha na mashine, lakini mtu wa kuiendesha hakuwepo. Makueni nao walianzisha bima yao ya MakueniCare, familia ilikuwa inalipa 500 bob kwa mwaka. Hiyo naiheshimu. Lakini kumfikisha mtu hospitalini ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni atoke bila kubeba shida mpya.

Mashine ikizeeka pia ina hatari yake. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, kliniki ilihama ikaacha mashine ya kutibu saratani kwenye jengo tupu. Vijana wawili wakaibeba, ikauzwa kwa msee wa vyuma vikuukuu. Ndani kulikuwa na unga wa sizia unaong'aa bluu gizani. Watu wakapeleka nyumbani, watoto wakauchezea. Wanne walikufa, mmoja msichana wa miaka 6. Watu 249 walipatikana na uchafu wa mionzi. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewaambia. Sasa fikiria vijana wetu wanaookota skrepu Kitui na Wote. Nani amewaonyesha ile alama ya mionzi, ya manjano na nyeusi?

Kenya tuna sheria ya 2019 iliyounda mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA. Kutumia eksirei bila leseni yao ni makosa. Sasa hiyo sheria ifike sokoni kwetu, isibaki Nairobi.

Kuna msee ataniambia, "Kitui tunataka maji, wewe unaleta mionzi." Bro, susu alivunjika akitafuta hayo maji. Shida zetu hazikai kwa foleni zikingoja moja iishe.

Na kuna hii stori ya kinu cha nyuklia. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukikataa, na wengine mtandaoni wakawaita washamba. Mimi sipingi nyuklia, umeme tunauhitaji. Lakini imani inaanza na vitu vidogo. Kabla uniombe nikuamini na kinu, nionyeshe unaweza kufunga mlango wa eksirei sokoni.

Kwa hivyo ukienda kupigwa picha, uliza: Hii picha ni ya nini? Kliniki ina leseni ya KNRA? Mbona huyu ameketi hapa? Kama una mimba, au unadhani unayo, sema kabla. Usiogope kuonekana mjuaji.

Susu amepona, anachota maji tena ingawa tumemkataza. Yule dada wa benchi sijui alijifungua lini. Ningemwambia asogee, lakini siku hiyo sikuwa najua. Wewe sasa unajua.

Kliniki ya kwenu ina mlango ama pazia? Niambie hapo chini.