Eti "Rangi Tu"

Siku bumu la muhula huu lilipoingia, nilikaa kitandani karibu saa nzima nikiangalia picha ya mdoli mmoja kwenye simu. Ni roboti anayejigeuza kuwa lori. Bei yake, hata kabla ya kuongeza gharama ya kuusafirisha kutoka Marekani, ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya hela yangu ya chakula na malazi. Mwenzangu wa chumbani akachungulia. "Ticha, si huyu ni Optimus Prime yule yule wa kwenye muvi? Ana tofauti gani?" Nikamwambia huyu ni wa zambarau. Akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo unataka kulala njaa kwa ajili ya rangi tu?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Leo nalijibu hapa, maana naona jamaa alipatia nusu na nusu akakosea.

Kwanza tuelewane. Kampuni ya Hasbro ilianza kuuza Transformers Marekani mwaka 1984, ikitumia midoli ambayo kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa imeshaibuni. Midoli hii hutengenezwa kwa kumimina plastiki kwenye kalibu za chuma, na kalibu ndiyo yenye gharama. Ukishaichonga, kubadilisha rangi ya plastiki ni jambo dogo. Kwa hiyo tangu mwanzo hesabu ilikuwa kalibu moja, wahusika kadhaa. Starscream, Thundercracker na Skywarp, wote wa 1984, ni ndege ile ile ya kivita. Mmoja ana kijivu na nyekundu, mwingine bluu, wa tatu mweusi mwenye zambarau.

Ukisikia hivyo utasema ni ujanja wa kibiashara, na kweli ni biashara. Ila soma maelezo ya wahusika yaliyokuja na maboksi yao. Starscream anakitamani kiti cha mkubwa wake, Megatron. Skywarp anapenda kuwafanyia wenzake mizaha ya kikatili. Thundercracker yuko jeshini na huku moyoni ana mashaka na vita wanayopigana. Umbo ni moja, watu ni watatu. Mtoto aliyekuwa na ndege zote tatu hakuwa na mdoli mmoja mara tatu. Alikuwa na ugomvi wa ndugu.

Hii naijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa darasa la nne, mama alininunulia ndege-roboti ya bluu kwenye midoli ya mitumba, ile inayomwagwa chini kwenye turubai ukachague mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwona Starscream kwenye banda la video, na alikuwa wa kijivu. Nilipoipeleka shule, wenzangu wakaitazama mara moja tu na hukumu ikatoka: feki. Sikubisha, kwa sababu hata mimi niliona hivyo hivyo. Nikaificha chini ya kitanda, na mama aliponiuliza mbona sichezi na ndege yangu, nikamjibu imeharibika. Ilikuwa nzima.

Nilipofika kidato cha tano ndipo nikajua kwamba ndege yangu haikuwa Starscream aliyekosewa. Alikuwa Thundercracker, mwenye jina lake na mashaka yake. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuionea haya zawadi ya mama yake anaweza kuelewa nilivyojisikia. Ndiyo maana mtu akiniambia "rangi tu", huwa sicheki naye.

Sasa tuje kwa yule wa zambarau. Mwaka 1994 mashabiki wa Marekani walianzisha mkutano wao, wakauita BotCon. Wa kwanza ulifanyika Fort Wayne, katika jimbo la Indiana. Watu walikuja kuuziana midoli, kubadilishana na kupiga soga, na ulikuwepo mdoli wa mkutano wenyewe, Breakdown, ambao hukuweza kuukuta dukani. Utaratibu huo ukawa desturi. Mkutano wa mashabiki hauna ubavu wa kuchonga kalibu mpya kila mwaka, basi waliomba kutumia zilizopo na wao wakabuni rangi, jina na hadithi. Mwaka 1997 walimchukua Rattrap, yule panya wa Beast Wars, wakampaka upya akawa Packrat.

Kilele chake, kwa maoni yangu, ni BotCon ya 2008 kule Cincinnati. Pale walitoa seti pamoja na kitabu cha katuni, vyote kwa jina la Shattered Glass. Wazo ni rahisi: ulimwengu uliopinduliwa. Autobots, ambao siku zote ni wema, huku ni madhalimu, na Decepticons ndio wanaopigania haki. Optimus Prime, baba wa wote, ni dikteta, na amepakwa zambarau, rangi ambayo kwa miaka yote ilikuwa alama ya maadui zake. Hayo yote yalisimuliwa kwa sehemu kubwa kwa kalibu zilizokuwepo tayari. Rangi ndiyo iliyobeba hadithi.

Mimi nasomea ualimu, na nilipokwenda field mwaka jana nililijaribu jambo hili darasani. Nilikuwa nafundisha uhusika kwenye fasihi, kidato cha pili, mchana, wanafunzi wanasinzia. Nikachora roboti mmoja, nikatoa kopi, kila mmoja na yake. Nikawaambia mpake rangi, mpe jina, kisha uandike aya moja kumhusu. Mchoro ulikuwa mmoja darasa zima. Kulikuwa na roboti mlinzi wa shamba la mihogo, roboti mjane, na mwingine aliyekimbia jeshi akawa fundi baiskeli. Msichana mmoja aliyekuwa hajawahi kunyoosha mkono alimpaka wake rangi nyeusi yote, akaacha jicho moja jeupe, akaandika kwamba jicho hilo ndilo linalokumbuka. Hakuna aliyemwambia mwenzake "umeniigilizia".

Kwa hiyo hapo mwenzangu wa chumbani alikosea. Kupaka upya si uvivu wa kubuni. Ni ubunifu wa mtu mwenye kalibu moja na hamu ya kusema mengi, na sisi wa huku, tunaoishi kwa kugeuza na kushona upya, tulipaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu.

Lakini nusu ile aliyopatia ni hii: bei niliyokuwa naitazama haikuwa bei ya rangi. Ilikuwa bei ya uhaba. Midoli ile ilitengenezwa michache, na kwa sehemu kubwa iliwalenga waliojiandikisha mkutanoni. Kwa mtu aliyekuwepo Cincinnati, Optimus wa zambarau ni kumbukumbu ya foleni aliyosimama, watu aliokutana nao na kicheko cha usiku ule. Sina ugomvi na kumbukumbu yake. Ila yeye, au aliyenunua kwake, akiuuza kwa bei ya juu mara kadhaa, ananiuzia nini mimi? Kumbukumbu haihamishiki. Nitakachopokea ni plastiki, pamoja na fahari ya kusema "ninacho, huna".

Na fahari hiyo, wanachuo wenzangu, ndiyo ile ile ya wale watoto waliosema ndege yangu ni feki. Ni tabia ya kupima kitu kwa kuangalia nani hana. Tunaijua hapa chuoni bila hata ya roboti. Kuna raba zinazonunuliwa siku ya bumu na kuuzwa nusu bei wiki ya UE. Kuna simu ambayo sifa yake kubwa ni kwamba wenzako hawaimudu. Mkusanyaji anayeanza na upendo wa hadithi anaweza kumaliza akiwa mlinzi wa maboksi ambayo hayafunguliwi kamwe, eti yasipungue thamani. Roboti aliyebuniwa ili ageuke, halafu hajawahi kugeuzwa hata mara moja. Mimi hilo naliona ni jambo la huzuni.

Wapo watakaonijibu kwamba bila uhaba mikutano isingeweza kujiendesha, kwa kuwa midoli ndiyo iliyowavuta watu wakalipa kiingilio. Hoja hiyo ina uzito, na siwalaumu waandaaji. Lakini angalia kilichotokea baadaye. Mwaka 2021 Hasbro wenyewe walianza kutoa mfululizo wa Shattered Glass, miaka mingi baada ya Cincinnati. Hawakurudia ule mkutano. Walirudia hadithi, kwa sababu hadithi ndiyo iliyobaki na nguvu. Kama uhaba ndio ungekuwa roho ya mdoli ule, basi roho hiyo ingebaki ndani ya maboksi ya 2008.

Sikununua. Nililipa chumba, nikanunua mchele na maharage, nikabaki na kidogo cha stationery. Nisikudanganye, iliniuma, na ile picha bado iko kwenye simu. Ushauri wangu kwa wanaopenda midoli hii, nao hapa chuoni wapo wengi kuliko wanavyokiri, ni mfupi. Kusanya ulichonacho uwezo nacho. Fungua boksi, kigeuze. Kikija kwa rangi usiyoitegemea, tafuta jina lake kabla ya kukiita feki. Usipolipata jina, kipe wewe.

Likizo iliyopita niliitoa ile ndege ya bluu chini ya kitanda nyumbani. Bawa moja limelegea. Mama akaniangalia, akauliza kumbe ilitengenezeka? Nikamwambia ndiyo, mama, imetengenezeka.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu.