Upole wa Pai Gow
Wanaofundisha pai gow poker katika kasino za Marekani huusifu kuwa mchezo mpole. Tunakataa sifa hiyo. Ulizaliwa California katika miaka ya 1980, ukirithi jina la mchezo wa Kichina wa vipande 32. Mchezaji hupewa karata 7, azigawe mafungu mawili: la karata 5 lipite kwa nguvu lile la 2. Akishinda fungu moja tu, dau lake hurudi. Eti huo ndio upole! Lakini mafungu yakilingana, mwenye benki hushinda. Na mchezaji akishinda yote mawili, kwa desturi faida yake hukatwa asilimia 5. Sare nyingi si huruma: zamweka mtu mezani usiku kucha, akiliwa kidogo kidogo.